Filamu Tatu
Desemba iliyopita, njiani kuelekea Lamu, wimbi liliingia mashuani likaiua simu yangu. Picha zilipona, maana zilikuwa zimeshahifadhiwa mtandaoni: zaidi ya mia saba. Machweo, punda, sahani za samaki. Mama, ambaye safari ile tuliifanya kwa ajili yake, yumo katika mbili tu. Moja kanipa kisogo.

Sasa natafuta kamera isiyoingia maji, na namfikiria Frank Hurley, mpigapicha wa msafara wa Shackleton kule Antaktika. Mapema Novemba 1915, meli yao Endurance ikiwa imepondwa na barafu, alivua shati akajitosa kwenye maji yaliyojaa ndani yake. Akatoka na negativu zake za vioo, salama ndani ya makasha yaliyozibwa kwa lehemu.

Lakini mzigo ulipaswa kupunguzwa. Yeye na Shackleton wakakaa juu ya barafu, wakachagua kioo kimoja kimoja. Takriban 120 vikabaki. Kama 400 wakavivunja papo hapo, wasije wakabadili nia. Hurley akabaki na Kodak ndogo ya mfukoni na filamu tatu. Kwa hizo aliwapiga wenzake waliosubiri kuokolewa katika kisiwa cha Elephant hadi Agosti 1916.

Kamera nitanunua. Ila Mama hasafiri tena siku hizi. Jumapili nitamwomba akae barazani asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nimejiwekea picha nane tu.