Kiunzi cha Mtarizi

Kiswahili kina kitenzi kimoja, kuwamba, kitumikacho kwa ngozi ya ngoma na kwa kamba za kitanda. Kitenzi hicho ndicho kinachofaa kukielezea chombo ambacho wanahistoria wa utarizi wa Ulaya aghalabu wamekipita bila kukitupia jicho: kiunzi cha mbao ambacho turubai huwambwa juu yake kabla sindano haijapenya. Nguo iliyotariziwa hutiwa katika sanduku la kioo ikatazamwa na watu; mbao zilizoishika husahauliwa, au huchomwa moto. Walakini pasipo kiunzi ni vigumu kueleza kwa nini nguo hizo zina umbo zilizo nalo.

Turubai ya utarizi ni kitambaa cha matundu, nyuzi zake zikipishana kama wavu mdogo. Mshono wake mkuu hupita mshazari juu ya makutano ya nyuzi, nao hurudiwa maelfu ya mara mpaka turubai yote ifunikwe na sufu au hariri. Mvuto wa mshono mmoja si kitu. Mvuto wa mishono elfu kumi, yote ikielekea upande ule ule, huifanya nguo ya mraba ilale upande kama kibanda kilichosukumwa na upepo. Mtarizi aliyeishika kazi yake mkononi hulazimika baadaye kuilowesha, kuivuta na kuipigilia misumari juu ya ubao mpaka ikauke. Na nguo nyingine hurudia upotofu wake mara ipatapo unyevu.

Kiunzi huyazuia maradhi hayo tangu mwanzo. Kilicho sahili kabisa ni fito nne ambazo ncha zake zimechongwa zikaingiliana pembeni, turubai ikapigiliwa vijimisumari pande zote, kama wafanyavyo wachoraji wa rangi za mafuta. Kingine kina miti miwili ya mlalo iliyopigiliwa ukanda wa kitambaa kizito. Turubai hushonwa kwenye kanda hizo na ile iliyozidi huviringishwa mtini. Mbao mbili zenye matundu hupenyezwa katika ncha za miti, na vigingi hutiwa matunduni ili kuikaza. Kisha mbavu za nguo hufungwa kwa kamba nyembamba. Ikikazwa vyema, hulia ikigongwa kwa kidole. Lakini ukakamavu huo una gharama yake. Nguo isiyokunjika haishonwi kwa mwendo mmoja: sindano lazima ishuke, ipokewe chini, irudishwe juu. Ndipo kiweko, yaani miguu ya kukisimamishia kiunzi, kilipopata thamani yake, kwani mkono mmoja hukaa juu ya nguo na wa pili chini, wala hapana mkono upoteao kwa kushika mbao.

Mwenye kiunzi cha namna hiyo hukaa mahali pamoja. Katika karakana za watarizi wa London, ambao chama chao kilipewa hati ya kifalme mwaka 1561, jambo hilo halikuwa shida, maana kazi ndiyo iliyowaketisha. Kwa Mary, Malkia wa Uskoti, mambo yalikuwa kinyume: hakuketi kwa sababu ya kazi, alifanya kazi kwa sababu aliketishwa. Alikimbilia Uingereza mwezi Mei 1568, akawekwa kizuizini kwa amri ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, na mwaka 1569 alitiwa chini ya ulinzi wa Lodi Shrewsbury, ambaye mkewe, Bess wa Hardwick, alikuwa naye mpenzi mkubwa wa sindano. Mwezi Februari mwaka huo Nicholas White alimzuru katika ngome ya Tutbury, akamwuliza apitishaje siku zake hali ya hewa ikimkataza kutoka nje. Akajibu kuwa hushona mchana kutwa, kwamba wingi wa rangi huipunguzia kazi uchovu wake, na kwamba haachi mpaka maumivu yamlazimishe.

Sehemu ya kazi hizo ingalipo. Ni vipande vya turubai, vingi vyao vidogo, vya pembe nane au vya umbo la msalaba, vyenye samaki, ndege na wanyama walioigwa katika michoro ya vitabu vya Conrad Gessner na wengineo. Baadaye viliwekwa juu ya mahameli ya kijani, navyo hujulikana kwa jina la Oxburgh, jumba la Norfolk vilikohifadhiwa. Udogo wake umeelezwa kuwa ni desturi ya zama zile, na ni kweli kwamba vipande vya namna hiyo vilitariziwa kwa kupachikwa juu ya nguo nyingine. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba mfungwa huyu alihamishwa mara kwa mara, kutoka Tutbury hadi Wingfield, Chatsworth na Sheffield. Kiunzi kikubwa hakifuati msafara wa namna hiyo kwa urahisi. Kipande cha kiasi cha sahani hufuata.

Wala udogo haukukifanya kipande kisiwe na hatari. Kimoja chaonyesha mkono ukishuka kutoka mawinguni na mundu, ukipogoa mzabibu, na maneno ya Kilatini yasemayo kuwa wema hustawi kwa kujeruhiwa. Mto wenye picha hiyo Mary alimpelekea Thomas Howard, Duki wa Norfolk, aliyetaka kumwoa. Watu wa Elizabeth waliusoma mto huo kama barua: tawi lisilozaa likatwe, lizaalo listawi. Ulitajwa katika ushahidi dhidi ya Duki, naye alikatwa kichwa mwezi Juni 1572. Wapelelezi wa siku zile walikuwa wasomaji hodari wa nguo, pengine kuliko wanachuoni waliowafuata. Mary mwenyewe aliuawa mwaka 1587.

Baadaye kiunzi kiliingia vitabuni. Mfaransa Charles Germain de Saint-Aubin alikieleza mwaka 1770 katika kitabu chake juu ya ufundi wa mtarizi. Karne ya 19 ilipoleta vielelezo vya Berlin, vilivyopigwa chapa juu ya karatasi ya miraba na kutiwa rangi kwa mkono, viunzi vyenye miguu vilipata nafasi vyumbani mwa mabibi wa tabaka la kati, vikiwa vimepigwa msasa na kung'arishwa kama samani nyingine.

Mtu akitaka kujua kama nguo ya kale iliwambwa, hana budi kuitazama pambizoni, penye vitundu vya misumari, alama za kamba na mishono ya ukanda. Katika vipande vya Oxburgh pambizo hizo hazionekani tena, kwa kuwa aliyeviweka juu ya mahameli alizificha chini ya mshono wake.