Kusimama, kukimbia, kugombea: Garsen na viti vyake

Mwingereza anayetaka ubunge husema, kwa lugha yake, kwamba anasimama. Mmarekani hasimami ng'o, yeye hukimbia. Sisi je? Sisi tunagombea, na mwenye masikio atasikia kwamba kitenzi hicho ni ndugu wa ugomvi.

Vitenzi vya wenzetu vinawafaa. Mwaka 2024 Rishi Sunak alitangaza uchaguzi Mei 22, na kura zikapigwa Julai 4. Wiki sita tu. Mtu anaweza kusimama muda huo asichoke. Donald Trump alitangaza nia Novemba 2022 kwa uchaguzi wa Novemba 2024. Hizo ni mbio hasa.

Garsen ilianza na kusimama. Hadi leo utasikia watu wakiulizana, "Safari hii nani anasimama?" Ndivyo tulivyorithi kwa mkoloni: eneo moja, mbunge mmoja. Danson Mungatana alikipata kiti cha Garsen hivyo 2002, akakitetea 2007. Kisha Katiba ya 2010 ikatuletea vyeo vyenye harufu ya Marekani: gavana, seneta, mgombea mwenza. Machi 4, 2013, mpiga kura akakabidhiwa karatasi sita kwa mpigo. Mungatana akautaka ugavana, na sasa kura za Garsen pekee hazikutosha. Ilibidi kuzisaka Galole na Bura pia. Hussein Dado ndiye aliyeshinda.

Lakini kabla ya siku hiyo damu ilikuwa imemwagika. Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa. Kufikia Januari 2013 mapigano ya Wapokomo na Waorma yalikuwa yamewaua zaidi ya 100 katika delta ya Tana. Kwani kura ndizo zilizozua uhasama? Hapana. Mkulima na mfugaji walikuwa wakizozania ardhi, maji na njia za mifugo za kufikia mto tangu zamani. Ninachosema ni kwamba viti vipya vilipandisha bei ya ushindi. Uingereza na Marekani nako anayepata kura nyingi ndiye hukitwaa kiti, hata akizidi kwa moja. Hata hivyo, chama kinachoshindwa London hukaa upande wa pili wa Bunge, kikamhoji Waziri Mkuu kila wiki. Anayekosa ugavana Texas huenda nyumbani, na hakuna anayehofia kwamba ng'ombe wake watanyimwa maji. Tana River hofu hiyo ipo: gavana akitoka kwa jirani, shamba letu litakuwaje? Malisho je? Hapo kugombea kunarudi kwenye maana yake ya kwanza.

Najua wapo wanaopendelea "kuwania". Sioni nafuu yoyote hapo, maana anayewania naye hushindana. Redioni utasikia yote mawili. Mungatana alirudi ulingoni Agosti 2022, akachaguliwa seneta. Cheo ni cha Kimarekani, ila mitaani waliendelea kusema amesimama.