Sauti ya Mzingo, Wala Si ya Kuzunguka

Nimeletewa jedwali la istilahi za muziki nilipitie kabla halijapigwa chapa, na ukurasa wake wa sauti umeniudhi. Humo, sauti inayomjia msikilizaji kutoka mbele, ubavuni na nyuma imeitwa "sauti ya kuzunguka". Pendekezo langu, "sauti ya mzingo", ambalo nililiwasilisha kwa maandishi pamoja na hoja zake, halikutajwa hata katika safu ya visawe. Nimejibiwa kwamba mzingo ni neno la hesabu. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Kuzunguka ni kwenda. Feni huzunguka, mchuuzi huzunguka mitaani, dunia hulizunguka jua. Kweli, husemwa pia kwamba ukuta umeizunguka nyumba, lakini hapo yambwa ipo: nyumba. Ukiiondoa yambwa, kitenzi hurudi kwenye mwendo wake, na "sauti ya kuzunguka" inakuwa sauti inayokimbia chumbani. Mzizi huohuo ndio uliotupa kizunguzungu. Mzingo, kwa upande wake, ni ndugu wa zingira na mazingira, na askari waliozingira boma hawana haja ya kusogea.

Chukua The Dark Side of the Moon, albamu ya Pink Floyd ya mwaka 1973, katika toleo la chaneli 5.1 alilolichanganya James Guthrie mwaka 2003. Saa zinazolia mwanzoni mwa "Time" zilirekodiwa na fundi Alan Parsons ili kuonyesha uwezo wa kwadrafoni, mfumo wa siku zile wa spika nne katika pembe nne. Saa hizo hazizunguki. Zinalia kutoka pande mbalimbali, nawe umo katikati yao. Katika "On the Run" nyayo zinapita mbio, nakubali, na hapo sauti inasafiri. Lakini sauti kusafiri ni uamuzi wa msanii katika kipande kimoja. Istilahi inapaswa kutaja mfumo wenyewe.

Wanaotetea kuzunguka hudai wamekifuata Kiingereza. Wangefungua kamusi ya asili ya maneno wangeona kwamba surround halikuzaliwa na round. Shina lake ni superundare la Kilatini, yaani kufurika, lililopitia Kifaransa cha kale, na ndani yake limo unda, wimbi. Waingereza walilitumia kwanza kwa maji yanayofunika ardhi. Baadaye, kwa kuwa lilisikika kama neno lao la mviringo, likavutwa hadi kwenye maana ya kuzingira. Kamati iliyoandaa jedwali imetafsiri kosa la masikio ya watu wengine, ikaliacha wimbi, ambalo ndilo sauti yenyewe! Nao Pink Floyd, walipopiga katika Queen Elizabeth Hall, London, Mei 1967, walitumia kifaa cha kuisambaza sauti ukumbini kilichoitwa Azimuth Co-ordinator. Azimuth ni as-sumut la Kiarabu: pande, mielekeo. Jina walilolichagua wanamuziki linataja mahali sauti inakotokea, kama linavyofanya mzingo.

Sasa hiyo hesabu inayoogopwa. Pendekezo BS.775 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linazipanga spika tano juu ya duara moja, msikilizaji akiwa kitovuni: moja mbele yake, mbili kwenye nyuzi 30 kulia na kushoto, mbili kati ya nyuzi 100 na 120. Ile 1 baada ya nukta katika 5.1 ni chaneli ya besi, inayokwenda kwenye sabufa. Kila aliyefundishwa mzingo wa duara shule ya msingi ameshapewa ramani ya chumba hicho. Ni istilahi gani nyingine ya muziki inayomfundisha mtu kupanga spika zake kwa kutamkwa tu?

Jedwali hilo linaziita pia albamu za mzingo "zilizosafishwa upya". Kusafisha ni kazi nyingine: fundi huichukua kanda ya masta yenye chaneli mbili akaing'arisha, na mbili hazizai tano za kweli. Steven Wilson alipoishughulikia In the Court of the Crimson King ya King Crimson, ya mwaka 1969, kwa toleo la 2009, na Aqualung ya Jethro Tull, ya 1971, kwa toleo la 2011, alirudi kwenye kanda za awali ambamo ala na sauti za waimbaji zingali zimetenganishwa, akazichanganya upya. Mafundi wetu wa studio husema kumiksi, na wameielewa kazi hiyo kuliko waliokaa kikao kuipa jina.

Hoja moja tu ya wapinzani ina uzito. Dolby Atmos, iliyoingia kwenye sinema mwaka 2012 na sasa imefika kwenye albamu za roki, huongeza sauti kutoka juu, na mzingo hauna juu. Kwa hiyo mfumo huo wa Atmos uitwe kwa jina lake: sauti ya kuba. Kuba huanzia kwenye mzingo wake, likapanda na kumfunika aliye chini yake, na istilahi hizo mbili zinashikana.

Matumizi hayana ugumu: albamu ya mzingo, spika za mzingo, kuchanganya kwa mzingo, kusikiliza kwa mzingo.