Programu za hali ya hewa na hatari ya kuvuka Bonde la Ufa kwa ndege

RUBANI anayepanga kuruka kutoka Nairobi kuelekea Kariandusi, karibu na Ziwa Elementaita, aghalabu huanza kwa kutazama rangi kwenye kompyuta. Rangi hizo hutokana na hesabu fupi, ambayo anayeitegemea hana budi kuielewa.

Chanzo chake ni METAR, taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege. Programu huchukua vipimo viwili: umbali wa kuona, na kimo cha tabaka la chini kabisa la mawingu yaliyofunika zaidi ya nusu ya anga, yaani BKN au OVC. Mawingu machache, FEW na SCT, hayahesabiwi.

Kwa utaratibu wa Marekani, ambao programu nyingi huufuata, VFR (kijani) ni mawingu yaliyo juu ya futi 3,000 na umbali unaozidi maili 5. MVFR (buluu) ni futi 1,000 hadi 3,000, au maili 3 hadi 5. IFR (nyekundu) ni futi 500 hadi chini ya 1,000, au maili 1 hadi chini ya 3. Chini ya hapo ni LIFR (zambarau).

Kipimo kibaya zaidi ndicho huamua. Taarifa yenye "9999 BKN008" ni IFR kwa kuwa mawingu yako futi 800, ingawa umbali wa kuona ni kilomita 10 au zaidi. Kwa kuwa vituo vya Kenya hutaja umbali kwa mita, sharti programu izigeuze kuwa maili kwanza.

Hata hivyo, kimo hicho hupimwa kutoka ardhi ya uwanja, si usawa wa bahari. Uwanja wa JKIA uko takriban futi 5,330. BKN035 hapo huonyesha kijani, ilhali mawingu yako futi 8,830 juu ya bahari. Uwanda wa Kinangop, ukingoni mwa bonde, unazidi futi 8,000, na kilele cha juu kabisa cha Aberdare hupita 13,000. Mawingu hayo yakienea hadi huko, vilele hufichika.

Juni 5, 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda JKIA ilianguka katika milima hiyo. Watu wote 10 waliokuwemo walifariki.

Rangi, basi, hueleza hali ya kituo kimoja kwa wakati mmoja. Haielezi njia nzima, wala haichukui nafasi ya kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA).