Michezo na masomo yanayotembea ndani ya kurasa za intaneti: Flash ilienda wapi?

Mutu akifungua ukurasa fulani wa zamani ku intaneti, wa mchezo ao wa somo la fizikia, mara nyingi anakuta kisanduku cheupe ao cha kijivu, na maneno yanayosema kwamba programu fulani haiungwi mkono tena. Wengi wanafikiri mashini yao imeharibika, ao mega zimekwisha. Hapana. Kilichokufa ni kitu kilichokuwa ndani ya ukurasa ule, na kilikufa kwa inchi karibu zote siku moja.

Ukurasa wa intaneti ulipoanza ulikuwa maandishi, picha na viungo basi. Kivinjari, ni kusema programu kama Chrome, Firefox ao Opera, kilisoma ukurasa na kuuonyesha, sawa gazeti. Hakuna kitu kilichojibu ukikigusa. Mwaka wa 1995 mambo yakabadilika. Kampuni ya Sun Microsystems ilileta lugha ya Java, na pamoja nayo vijiprogramu vilivyoitwa apleti: ukurasa ukifunguka, kijiprogramu kinashuka pamoja nao, kinaanza kutembea palepale katikati ya maandishi. Mwaka uleule, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliandika lugha nyingine, JavaScript, kwa siku kumi hivi. Majina yanafanana, lakini ni lugha mbili tofauti kabisa. Mtu anayezichanganya hako peke yake.

Mwaka wa 1996 Flash nayo ikaingia, kwanza kwa jina la FutureSplash, kisha ikanunuliwa na Macromedia, na mwaka wa 2005 Adobe ikanunua Macromedia yenyewe. (Hapa haisemwi flashi ya USB, ile watu wanayotembea nayo mufukoni. Ni jina moja tu, vitu viwili.) Flash ilikuwa rahisi kwa wachoraji na walimu, faili zake zilikuwa ndogo, na zilipita hata ku laini ya simu iliyo nyepesi. Kwa hiyo vikaja vibonzo, michezo, na video: YouTube ilipoanza mwaka wa 2005 ilionyesha video zake kwa Flash.

Shida ilikuwa namna vitu hivi vilivyoingia ndani ya kivinjari. Kivinjari chenyewe hakikujua Flash wala Java. Mutu alipaswa kuweka kwanza kipande kingine cha programu pembeni, na kivinjari kikakiachia sehemu ya ukurasa, sawa mwenye nyumba anayempangisha mutu chumba na kumpa ufunguo wa uani. Mpangaji yule alikuwa na njia zake mwenyewe za kufikia mashini. Akiwa na tundu, mwizi anapita mule, hata kama nyumba yenyewe imefungwa vizuri. Na matundu hayakukosa. Mu Januari 2013, wizara ya usalama wa ndani ya Marekani iliwaambia watu waziwazi wazime Java ndani ya vivinjari vyao. Flash ilikuwa inatengenezwa kila mara, tundu moja linazibwa na lingine linaonekana.

Simu ndizo zilizoharakisha mwisho. iPhone haikukubali Flash tangu siku ya kwanza, na mu Aprili 2010 Steve Jobs aliandika barua ya wazi akieleza sababu: usalama, betri, na kwamba Flash ilitengenezwa kwa ajili ya panya, si kwa kidole. Kulikuwa na faida ya biashara ndani ya maneno yake, hilo halifichiki. Lakini juu ya betri na kidole alisema kweli. Chrome ilifunga mlango wa vipande vya pembeni vya namna ya zamani mwaka wa 2015, na Firefox mwaka wa 2017, hivi Java ikatoka. Flash peke yake ikaachiwa muda. Mu Julai 2017 Adobe ilitangaza kwamba itaacha, na tarehe 31 Desemba 2020 ikaacha kweli. Tangu tarehe 12 Januari 2021, Flash yenyewe inakataa kuonyesha chochote.

Ilani ilitolewa miaka mitatu na zaidi mbele, na bado kuna waliokutwa wamelala. Shirika la kodi la Afrika Kusini lilikuwa na fomu zake katika Flash. Mu Januari 2021 lililazimika kutoa kivinjari chake lenyewe ili watu waendelee kuzijaza.

Kilichochukua nafasi si kitu kimoja. Vivinjari vyenyewe vilijifunza kazi ile. HTML5, iliyokubaliwa rasmi mwaka wa 2014, inaonyesha video na michoro bila kipande cha pembeni. JavaScript, ile ya siku kumi, ndiyo inayoendesha karibu kila kitu kinachojibu ukikigusa. Tena kuna WebAssembly, iliyokubaliwa rasmi mu Desemba 2019, ambayo inaruhusu programu nzito zilizoandikwa kwa lugha zingine kutembea ndani ya ukurasa kwa mwendo mzuri. Zote tatu zinatembea ndani ya uzio: programu inapewa nafasi yake, na haiwezi kusoma mafaili ya mashini bila ruhusa. Uzio unaweza kutobolewa, lakini mlinzi sasa ni mmoja, na akipata dawa mpya ukurasa wote unapona.

Kwa mwalimu wa sekondari, mfano wa maana zaidi ni PhET. Ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka wa 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata zawadi ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja mbele. PhET inatengeneza majaribio ya sayansi ya kugusa: mwanafunzi anaunganisha betri, waya na balbu na kuona umeme unavyopita, anaweka protoni na elektroni mpaka atomu inakamilika, anapima asidi ya maji ya machungwa bila machungwa. Kwa shule isiyokuwa na laboratwari, hicho si kitu kidogo. Majaribio ya kwanza yaliandikwa kwa Java na Flash, kwa hiyo mradi huu ungeweza kufa pamoja nazo. Watengenezaji waliandika upya mengi kwa HTML5, moja baada ya lingine, kazi ya miaka. Baadhi ya yale ya Java yanatembea leo kupitia CheerpJ, programu inayotafsiri Java mpaka kivinjari cha kawaida kiielewe.

Kuandika upya kulileta faida moja ambayo mutu wa Uvira ao Beni anaielewa haraka: kila jaribio la HTML5 la PhET ni faili moja, mara nyingi mega chache tu. Linashushwa mara moja pale kuna mtandao, linawekwa ku flashi, na linafunguliwa shuleni bila mtandao kabisa. Kuna yaliyotafsiriwa kwa Kifaransa, na mengine kwa Kiswahili. Majaribio haya yanapatikana pia ndani ya Kolibri na Kiwix, programu za bure za kuweka masomo ndani ya kompyuta moja, ambayo simu na mashini zingine za darasa zinaifikia kwa Wi-Fi bila kulipa mega.

Lakini anayetumia Opera Mini ili kuokoa mega ajue hivi: pale imewekwa kubana data kwa nguvu zote, ukurasa unatayarishwa mbali, ku mashini za kampuni, na simu inapokea kama picha yake. Maandishi yanafika vizuri. Jaribio la kugusa halitembei. Hapo inafaa kufungua Chrome ao Firefox.

Michezo ya zamani ya Flash nayo haikupotea yote. Mu Novemba 2020, Internet Archive ilianza kuitunza na kuiwezesha kutembea kwa Ruffle, programu ya bure inayoigiza Flash ndani ya uzio wa kivinjari. Michezo mingine inatembea vizuri, mingine inakwama njiani. FarmVille ya kwanza haikurudi: ilifungwa siku ileile Flash ilipokwisha, maana ilihitaji mashini za wenyewe kule mbali.

Hatari iliyobaki ni ya matapeli. Bado kuna kurasa zinazoonyesha dirisha la kusema «Flash yako ni ya zamani, bonyeza hapa uipate mpya». Adobe haitoi tena Flash kwa wakaaji wa kawaida, kwa hiyo hakuna mpya ya kupata. Kinachoshuka pale ni virusi, ao programu ya matangazo. Dirisha lile lifungwe tu, na kama Flash ya kweli ingali ndani ya mashini ya shule ao ya nyumba ya intaneti, iondolewe: haionyeshi tena kitu, na matundu yake hayazibwi na mutu.