Nyumba ya Kandt, Kigali: Kutoka Maskani ya Mtawala hadi Makumbusho

Katika kilima cha Nyarugenge, ambako leo maghorofa ya Kigali yanashindana kwa urefu, imesalia nyumba moja ya matofali, ya chini, iliyo miongoni mwa majengo makongwe kabisa ya mji huo. Na kwa kuwa mji wa utawala ulianza pamoja nayo, atakaye kuijua nasaba ya Kigali hana budi kuanzia hapo.

Mwenyewe alikuwa Richard Kandt, tabibu Mjerumani aliyezaliwa Posen mwaka 1867, ambaye alikuja Afrika ya Mashariki kutafuta chimbuko la Mto Naili, na mwaka 1898 akaifikia chemchemi ya Rukarara katika msitu wa Nyungwe. Alipopewa cheo cha Rezidenti wa Rwanda, yaani mwakilishi wa utawala wa Kijerumani, aliyaweka makao yake Kigali mwaka 1907, kwa kuwa ni katikati ya nchi, ilhali Mwami, yaani mfalme, Yuhi Musinga alibaki na baraza lake Nyanza.

Nyuma ya Rezidenti wakafuata askari, makarani, na wachuuzi wa Kiswahili, Kiarabu na Kihindi, hata Kiswahili kikawa lugha ya afisi na ya soko. Na mwaka 1913 ukasimamishwa msikiti wa Al-Fatah. Nayataja haya kwa makusudi, maana mji haukujengwa na mtu mmoja, ijapokuwa jina lake ndilo lililobaki mlangoni.

Mwaka huo huo wa 1913 Kandt alikwenda kwao likizoni, Vita vya Kwanza vya Dunia vikamzuia kurejea. Wabelgiji wakaitwaa Kigali mwaka 1916, naye akafariki Nuremberg mwaka 1918.

Nyumba ilibaki. Ilifanywa kwanza makumbusho ya viumbe na mazingira, kisha mwaka 2017 ikarudishiwa jina la mwenyewe, na hapo ndipo, kwa rai yangu, ilipohuishwa kwa haki. Kupaka chokaa na kuziba nyufa ni kazi ya fundi. Kazi iliyo ngumu zaidi ni kupanga nani asimuliwe kwanza, na waliopanga makumbusho haya wameanza na maisha ya Wanyarwanda kabla ya ukoloni, ndipo wakaeleza utawala wa Kijerumani, na mwisho habari za mji wenyewe, uliofanywa makao makuu ya taifa huru mwaka 1962.

Msomaji, ukijaaliwa kufika Kigali, panda Nyarugenge uizuru. Na usikivuke haraka chumba cha kwanza.