Uhai wa Pili wa Amplifaya za Kale

Vyombo vya binadamu vina mauti ya namna mbili. Mauti ya kwanza ni ya mwili: chuma hushika kutu, waya hukatika, nta huyeyuka. Mauti ya pili ni ya maarifa: chombo huwapo, pengine kizima, lakini duniani hapana tena mtu ajuaye namna kilivyofanywa, wala sababu ya kila kiungo chake kuwa mahali kilipo. Mauti ya kwanza yana dawa. Ya pili aghalabu hayana. Historia ya amplifaya za vali, yaani vyombo vya kukuza sauti vilivyotawala kabla ya zama za transista, ni ushahidi mwema wa jambo hili. Katika Uingereza, Marekani, Japani na nchi nyingine wapo watu wengi wanaozitafuta amplifaya hizo, wanaozinunua kwa bei kubwa na kuzitengeneza hata zikasema tena. Yamkini mtu akadhani kuwa zilisalia kwa uimara wa vyuma vyake. Uimara ulikuwapo, walakini haukutosha. Zilisalia zaidi kwa sababu waliozibuni hawakuficha walichokijua.

Asili ya vyombo hivi ni vali, chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa ndani yake. John Ambrose Fleming wa Uingereza alifanya vali ya kwanza mwaka wa 1904, na Lee de Forest wa Marekani akaongeza kiungo cha tatu mwaka wa 1906. Kiungo hicho ni mfano wa wavu uliowekwa baina ya uzi wa moto na bamba la chuma. Umeme hafifu ukitiwa katika wavu, hutawala mkondo mkubwa unaopita kutoka katika uzi kwenda katika bamba, kama mlango mdogo utawalavyo maji mengi ya mfereji. Hivyo sauti ndogo ikapata kuwa kubwa.

Lakini kila kikuzacho hupotoa. Sauti iliyotoka haikuwa sawasawa na sauti iliyoingia. Mwaka wa 1927 Harold Black, mhandisi wa Bell Laboratories, alikuwa katika kivuko cha mto Hudson akienda kazini New York, akapata wazo la kurudisha sehemu ya sauti iliyokwisha kukuzwa hadi mwanzo wa saketi, ikiwa kinyume, ili kosa lipunguzwe kwa kosa lenyewe. Aliandika hesabu zake juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo mkononi. Wazo hilo ndilo lililowawezesha wahandisi waliofuata kudai usafi wa sauti ambao zamani haukutarajiwa. Mwaka wa 1945 Harold Leak wa London alitoa amplifaya aliyoiita Point One, kwa maana upotovu wake wa sauti haukuzidi sehemu 1 katika 1000.

Tendo kubwa kupita yote lilifuata mwaka wa 1947. D. T. N. Williamson, kijana aliyezaliwa mwaka wa 1923, alichapisha katika gazeti la Wireless World, toleo la Aprili na la Mei, maelezo ya amplifaya ya wati 15 iliyotumia vali mbili za KT66. Hakutoa sifa tupu za chombo chake. Alitoa mchoro wa saketi, vipimo vya rezista na kapasita, na namna ya kusuka transfoma ya kutolea sauti, kiungo kigumu kuliko vyote. Aliyekuwa na mikono mizuri na subira aliweza kujiundia mwenyewe nyumbani. Watu wa Uingereza, Australia na Marekani wakajenga kwa wingi, na wengine wakasahihisha na kuongeza. Mwaka wa 1951 David Hafler na Herbert Keroes walichapisha huko Marekani makala juu ya namna mpya ya kuunga vali na transfoma, kisha namna hiyo ikatiwa katika mchoro wa Williamson. Elimu iliyotolewa bure ilirudi kwa jamii ikiwa na faida.

Hafler alikwenda mbele zaidi. Kampuni yake ya Dynaco, mjini Philadelphia, ilitoa mwaka wa 1959 amplifaya ya Stereo 70, yenye wati 35 kwa kila upande. Wakati wake ulikuwa mwema. Alan Blumlein wa Uingereza alikuwa ameomba hataza ya sauti ya pande mbili tangu mwaka wa 1931, lakini santuri za namna hiyo zilianza kuuzwa kwa wingi mwaka wa 1958 tu. Aliyekuwa na Quad II moja, amplifaya mashuhuri aliyoitoa Peter Walker wa Huntingdon mwaka wa 1953, alilazimika kununua ya pili ili asikie pande zote mbili. Stereo 70 ilikusanya mbili katika sanduku moja. Tena mnunuzi aliweza kuipata katika vipande, pamoja na kitabu cha kumwongoza hatua kwa hatua, akalehemu mwenyewe kila kiungo. Ziliuzwa zaidi ya 300,000, na kila aliyeijenga yake alibaki na kitabu kabatini na maarifa mikononi.

Kumbe adui alikwisha kuzaliwa. Transista ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika Bell Laboratories mwezi wa Desemba mwaka ule ule wa 1947 aliochapisha Williamson. Ilikuwa ndogo, baridi na nyepesi, na katika miaka ya 1960 ikazifukuza vali katika nyumba nyingi. Amplifaya za kale zilitiwa stoo, nyingine zikatupwa jalalani. Wapenzi wa Japani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuona thamani yake, na bei ikapanda.

Kazi ya kuzifufua ina hatari na ina adabu yake. Ndani ya sanduku mna umeme wa volti 400 au zaidi, na kapasita huweza kuushika hata baada ya waya kutolewa ukutani. Fundi asiyeumwaga kwanza huweza kufa. Kapasita za karatasi na nta huvujisha umeme zikizeeka. Umeme huo hufika katika wavu wa vali kubwa, vali hupata moto kupita kiasi, na mwisho transfoma huungua. Kwa hiyo mwenye busara hachomeki chombo kilicholala miaka 40 kwa pupa ya kusikia sauti yake. Hupima kwanza, hubadili vilivyokufa, kisha hupandisha umeme kidogo kidogo.

Hapa huzuka mabishano. Wapo wasemao kuwa kapasita mpya ikitiwa, amplifaya si ile tena, na wapo wasemao kuwa chombo cha sauti kisichotoa sauti ni maiti iliyopambwa. Wengine hushika njia ya kati: huchimbua ndani ya mkebe wa kapasita ya kale na kuficha mpya humo, ili jicho lione ya jana na sikio lisikie kazi ya leo. Mabishano haya hayataisha, lakini pande zote mbili hutegemea kitu kimoja, nacho ni ule mchoro uliochapishwa. Bila mchoro, mlinzi wa asili hajui asili ni ipi, wala fundi hajui aweke nini badala ya kilichokufa.

Vali zenyewe zilitoa jaribio kali zaidi. Viwanda vingi vya zamani vilifungwa. Vali ya 7199, iliyotumika katika Stereo 70, iliadimika. Mafundi wakabuni vibao vipya vya saketi vinavyopokea vali nyingine, kwa kuwa walijua kazi ya kila sehemu. Wapiga magitaa ya umeme nao hawakuziacha vali, na kwa mahitaji yao viwanda vya Urusi, China na Čadca katika Slovakia viliendelea kuzitengeneza. Mwaka wa 1993 kampuni ya McIntosh ilitoa upya MC275 yake, amplifaya ya wati 75 kwa kila upande iliyotokea mara ya kwanza mwaka wa 1961.

Vyombo vya sasa vimejaa viungo vidogo vilivyofunikwa, na vingi vyao huongozwa na programu ambazo mnunuzi haruhusiwi kuzisoma. Vikifa, fundi wa kesho atafungua sanduku asijue alichokiona. Williamson alitumia kurasa chache za gazeti, na kwa kurasa hizo kazi yake imepita umri wake na umri wa viwanda vilivyomtengenezea vali. Atakaye chombo chake kiishi baada yake hana budi kuacha nyuma elimu yake pia.